Namna ya kukokotoa kani ya Casimir kati ya mabamba ya dhahabu: mwongozo kamili

Anayeandika programu ya kani ya Casimir kwa mara ya kwanza karibu kila mara hupata jibu. Programu haigomi wala haitoi onyo, inatema namba tu. Shida ni kwamba namba hiyo huwa imekosewa mara mbili, au nusu, au asilimia tatu, na mwenyewe hana namna ya kujua.

Mwongozo huu umepangwa ili ujue. Kila hatua ina namba ya kuhakiki, na ile ya vioo kamili (vinavyoakisi kila kitu) ina orodha ya makosa: ukipata namba fulani, kosa lako ni fulani. Usiruke hatua kwa sababu unaijua kanuni. Wengi wanaokwama wanaijua kanuni vizuri.

Unachokokotoa hasa

Uga wa sumakuumeme hautulii kabisa hata katika ombwe. Ukiweka mabamba mawili yanayoakisi, unabadilisha mawimbi yanayoweza kukaa kati yake, na nishati ya ombwe hubadilika kadiri mwanya unavyobadilika. Badiliko hilo ndilo kani ya Casimir.

Jumla ya nishati ya ombwe yenyewe haikuhusu hapa. Ukiitafuta utapata isiyo na kikomo na utapoteza wiki. Tafuta tofauti tu.

Vinavyohitajika

- Kompyuta yoyote yenye Python 3, NumPy na SciPy. Hesabu nzima huchukua sekunde chache.
- Namba za msingi: ħ = 1.054571817 × 10⁻³⁴ J·s; c = 2.99792458 × 10⁸ m/s; k = 1.380649 × 10⁻²³ J/K; 1 eV = 1.602176634 × 10⁻¹⁹ J.
- Sifa mbili za dhahabu: masafa ya plazma (ωp), 9.0 eV, na kasi ya mtawanyiko wa elektroni (γ), 0.035 eV. Hizi ndizo zinazotumika sana. Dhahabu yako inaweza kutofautiana kidogo kutegemea ilivyopakwa.
- Halijoto. Hapa tunatumia K 300.
- Mwanya kati ya nanometa 50 na mikrometa 10. Chini ya nanometa chache kanuni hii haikufai, maana hapo atomu mojamoja zinaanza kuonekana.
- Daftari la karatasi. Utahitaji kuandika namba za kuhakiki na kuzilinganisha, na kioo cha kompyuta kimejaa vitu vingine.

Hatua ya 1: Weka vizio sawa kabla ya chochote

Fanya kazi yote kwa mita, joule na radiani kwa sekunde. Sifa za metali zimeandikwa kwa eV, kwa hiyo zibadilishe mara moja, mwanzoni mwa programu, na usiziguse tena.

Kubadilisha eV kuwa radiani kwa sekunde unagawa kwa ħ, si kwa h (ambayo ni 2πħ). 1 eV ni 1.519 × 10¹⁵ rad/s. Kwa hiyo masafa ya plazma ya dhahabu ni 1.367 × 10¹⁶ rad/s, na kasi ya mtawanyiko ni 5.32 × 10¹³ rad/s.

Umefaulu ikiwa: programu ikichapisha namba hizo mbili zinalingana na za hapa kwa tarakimu tatu. Kama zako ni ndogo mara 6.28, umetumia h.

Hatua ya 2: Hamia kwenye masafa ya kufikirika

Kanuni ya Lifshitz, yaani kanuni ya kani hii kwa mabamba ya vitu halisi, inaweza kuandikwa kwa masafa ya kawaida, lakini usijaribu. Kwenye masafa halisi, wimbi linalopiga huku na huko katika mwanya hufanya kinachojumlishwa kiyumbe juu na chini bila kutulia. Sehemu chanya na hasi karibu zote zinafutana, na kompyuta inabaki na takataka ya tarakimu za mwisho.

Ukigeuza masafa kuwa ya kufikirika, mayumbo yote yanakuwa mnyauko laini wa kipeo hasi. Halijoto nayo huchagua masafa machache tu yanayohesabiwa, yale ya Matsubara:

ξₙ = 2πnkT/ħ, ambapo n = 0, 1, 2, 3 …

Kwa K 300, ξ₁ ni 2.468 × 10¹⁴ rad/s, sawa na 0.1624 eV. Andika namba hii daftarini.

Sasa tumia kigezo kimoja kisicho na kizio, y = 2κd, ambapo d ni mwanya na κ ni kasi ya mnyauko wa wimbi ndani ya mwanya. Kila n ina thamani yake ya kuanzia:

yₙ = 2dξₙ/c

Kwa d = nanometa 100, y₁ = 0.1646. Shinikizo lote linakuwa:

P = −[kT/(8πd³)] × Σ′ ∫ y² [ 1/(eʸ/r²_TE − 1) + 1/(eʸ/r²_TM − 1) ] dy

Hapa r_TE na r_TM ni uakisi wa bamba kwa polaraizesheni mbili za wimbi, TE na TM. Intigrali inaanzia yₙ hadi mbali sana. Ule mkwaju mdogo kwenye Σ′ si urembo: unasema kipengele cha n = 0 kinahesabiwa nusu. Watu wengi huupita bila kuuona.

Kwa d = nanometa 100 na K 300, kizidisho cha mbele, kT/(8πd³), ni Pa 0.1648. Hiyo nayo iandike.

Hatua ya 3: Andika programu

Hii inatosha. Imeandikwa wazi badala ya kuwa ya haraka, na ina vioo vya aina tatu: kamili, Drude (modeli ya metali yenye upotevu, γ) na plazma (modeli ileile bila upotevu).

```
import numpy as np
from scipy.integrate import quad

hb, c, k = 1.054571817e-34, 2.99792458e8, 1.380649e-23
eV = 1.602176634e-19
wp, gama = 9.0*eV/hb, 0.035*eV/hb

def uakisi(y, yn, xi, d, modeli):
    if modeli == "kamili":
        return 1.0, 1.0
    if xi == 0:
        if modeli == "drude":
            return 0.0, 1.0
        ym = np.hypot(y, 2*d*wp/c)
        return ((y-ym)/(y+ym))**2, 1.0
    g = gama if modeli == "drude" else 0.0
    eps = 1 + wp**2/(xi*(xi+g))
    ym = np.sqrt(y*y + (eps-1)*yn*yn)
    te = (y-ym)/(y+ym)
    tm = (eps*y-ym)/(eps*y+ym)
    return te**2, tm**2

def kipengele(n, d, T, modeli):
    xi = 2*np.pi*n*k*T/hb
    yn = 2*d*xi/c
    def f(y):
        te, tm = uakisi(y, yn, xi, d, modeli)
        e = np.exp(-y)
        return y*y*(te*e/(1-te*e) + tm*e/(1-tm*e))
    return quad(f, yn, yn+60)[0]

def shinikizo(d, T, modeli):
    N = int(12e-6/d*300/T) + 20
    s = 0.5*kipengele(0, d, T, modeli)
    for n in range(1, N+1):
        s += kipengele(n, d, T, modeli)
    return -k*T/(8*np.pi*d**3)*s
```

Mambo matatu ya kuangalia humo.

Kwanza, 1/(eʸ/r² − 1) imeandikwa kwa e⁻ʸ juu na chini. Ukiiandika kama ilivyo kwenye kanuni, r ikiwa sifuri programu inagawa kwa sifuri, na y ikiwa kubwa eʸ inafurika.

Pili, n = 0 imetengwa kwa masharti yake yenyewe. Usijaribu kuipitisha kwenye kanuni ya pemitiviti (ε, yaani mwitiko wa metali kwa uga wa umeme), kwa sababu ξ iko chini ya mstari.

Tatu, idadi ya vipengele, N, inafuata mwanya. Kanuni ya kidole ni 10 kugawanya kwa mwanya katika mikrometa, kwa K 300: mwanya wa mikrometa 1 unataka vipengele 10 hivi, nanometa 100 unataka 100, nanometa 50 unataka 200. Anayeweka 50 kwa kila kitu hupata jibu zuri kwenye mikrometa 1 na jibu bovu kwenye nanometa 50, kisha anadhani amegundua fizikia mpya.

Hatua ya 4: Jaribu vioo kamili kwanza

Hapa ndipo pa kukaa. Usiingize dhahabu mpaka sehemu hii ipite.

Kwa vioo vinavyoakisi kila kitu, jibu la halijoto sifuri linajulikana kwa kalamu:

P = −π²ħc/(240d⁴)

Kwa nanometa 100 ni −13.00 Pa. Kwa mikrometa 1 ni −1.300 mPa.

Programu yako inafanya kazi kwa K 300, si sifuri. Hata hivyo, kwa nanometa 100 joto la chumba linabadilisha shinikizo la vioo kamili kwa sehemu chini ya moja katika milioni. Kwa hiyo endesha `shinikizo(100e-9, 300, "kamili")` na udai 13.00 kamili. Ukipata namba nyingine, tafuta kosa hapa:

- 13.40. Umehesabu n = 0 nzima badala ya nusu.
- 12.60. Umeiacha n = 0 kabisa. Mara nyingi ni kitanzi kilichoanzia 1 bila mstari wa juu yake.
- 6.50. Umehesabu polaraizesheni moja tu. TE na TM zote zinahitajika.
- 26.0. Umesahau 2 katika yₙ, umeandika dξ/c.
- Kati ya 70 na 82. Umepoteza 2π katika ξₙ, au umetumia h badala ya ħ ndani yake. Makosa haya mawili hutoa namba ileile, kwa hiyo angalia yote. Idadi ya vipengele ndiyo inayoamua uko wapi kati ya 70 na 82.
- 13.00 lakini chanya. Alama ya kutoa mbele imeanguka. Mabamba mawili yanayofanana yakiwa na ombwe katikati huvutana, hayasukumani.

Tofauti kati ya 13.40 na 13.00 ni asilimia tatu tu. Ndiyo maana kosa la n = 0 huishi muda mrefu kwenye programu za watu: kwenye mchoro halionekani kabisa. Halafu siku mtu anapeleka mwanya kwenye mikrometa 5, linaruka usoni.

Sasa rudia kwa mikrometa 1. Hapa joto linaanza kuonekana kidogo: unatakiwa kupata 1.302 mPa, si 1.300. Ukipata 1.300 kamili, halijoto yako haiingii mahali fulani.

Mwisho, zidisha N mara mbili. Tarakimu tano za mwanzo zisibadilike.

Hatua ya 5: Ingiza dhahabu

Modeli ya Drude inatoa pemitiviti kwenye masafa ya kufikirika hivi:

ε(iξ) = 1 + ωp²/[ξ(ξ + γ)]

Tazama kwamba ni namba halisi, chanya, na inashuka ξ ikipanda. Ukiona namba changamano au namba hasi, umechukua kanuni ya masafa ya kawaida.

Kabla ya kuendesha jumla nzima, hakiki nukta moja kwa mkono. Chukua d = nanometa 100, n = 1, y = 1:

- ε inakuwa 2527 kwa Drude. Ukiweka γ = 0, yaani plazma, inakuwa 3071.
- y_m, yaani y ndani ya metali, inakuwa 8.334 kwa Drude.
- r_TE ni −0.786, na r_TM ni 0.993.
- Mchango wa TE kabla ya kuzidisha kwa y² ni 0.294, na wa TM ni 0.570. Kioo kamili kingetoa 0.582 kwa kila mmoja.

Hapo tayari unaona dhahabu inavyofanya kazi. TM karibu haijui kwamba kioo si kamili. TE imepoteza nusu, kwa sababu wimbi lake linazama ndani ya metali kabla ya kurudi. Kina cha kuzama ni c/ωp, nanometa 22 hivi, na pande mbili zinaufanya mwanya wa nanometa 100 uonekane mpana zaidi kwa uga kuliko ulivyo kwa rula.

Umefaulu ikiwa: `shinikizo(100e-9, 300, "drude")` inatoa karibu nusu ya 13 Pa. Jibu lolote kati ya 5.5 na 7 linakubalika kutegemea sifa za dhahabu ulizoweka. Ukipata 12, uakisi wako haubadiliki na y. Ukipata chini ya 4, angalia kama umeingiza r mahali pa r², au kinyume chake, katika polaraizesheni moja.

Onyo kwa wanaotaka kutumia majedwali ya vipimo vya mwanga badala ya Drude tupu. Ni wazo zuri, kwa sababu dhahabu hufyonza pia mwanga wa juu ya eV 2.4 hivi, ufyonzaji uleule unaoipa rangi yake ya njano, na Drude haiujui. Lakini jedwali linalotumika sana huanzia karibu eV 0.125. Pemitiviti kwenye ξ₁ inategemea sana ufyonzaji ulio chini ya hapo. Ukiintigrali jedwali peke yake, ε itaanguka vibaya kwenye vipengele vya mwanzo. Endeleza data kwa Drude kuelekea sifuri, kisha uhakiki kwamba ε(iξ₁) imebaki jirani na 2500.

Hatua ya 6: Amua kuhusu n = 0, na uandike uamuzi wako

Hapa si suala la programu tena.

Kwa Drude, masafa yakiwa sifuri, uga wa sumaku hupenya metali bila kizuizi. Kwa hiyo r_TE ni sifuri, na polaraizesheni hiyo haichangii chochote kwenye n = 0. Kwa plazma, ambayo haina upotevu, elektroni huzuia uga wa sumaku hata ukiwa umetulia, na r_TE inabaki kubwa. TM haina ubishi: ni 1 kwa zote mbili.

Kila metali halisi ina ukinzani, kwa hiyo mtu angetarajia Drude ishinde bila mjadala. Haikuwa hivyo. Vipimo vya kundi la Ricardo Decca, vilivyotumia vitetemeshi vidogo kwenye mianya iliyo chini ya mikrometa 1, vimelingana na plazma. Vipimo vya Sushkov na wenzake vya mwaka 2011, kwa pendulo ya msokoto kati ya mikrometa 0.7 na 7, vililingana na Drude baada ya kuondoa kani ya umeme wa mabaka, yaani tofauti ndogo za volteji kati ya sehemu za uso uleule. Mwenye haraka huchagua ile inayolingana na data yake. Usifanye hivyo.

Kiutendaji: endesha zote mbili, kila mara. Kwa nanometa 100 zinatofautiana kwa asilimia chache tu. Kwa mikrometa 1 tofauti inapita asilimia 10. Ichukulie tofauti hiyo kuwa sehemu ya mashaka ya jibu lako.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka γ = 0 kwenye programu ya Drude na kudhani umepata plazma. Vipengele vya n = 1 na kuendelea vitakuwa sahihi, lakini n = 0 itabaki na r_TE = 0. Unapata chotara ambaye si Drude wala plazma.

Hatua ya 7: Peleka mwanya mbali sana

Kwa mikrometa 10, vipengele vyote isipokuwa n = 0 vimenyauka. Kinachobaki kinajulikana kwa kalamu: kT ζ(3)/(8πd³) kwa kila polaraizesheni inayoakisi kikamilifu, ambapo ζ(3) = 1.20206.

Unatakiwa kuona:

- Drude: 1.98 × 10⁻⁷ Pa.
- Kioo kamili: 3.96 × 10⁻⁷ Pa, mara mbili kamili.
- Plazma: 3.94 × 10⁻⁷ Pa, chini kidogo ya kioo kamili kwa sababu ya kile kina cha kuzama.

Kanuni ya halijoto sifuri ingetoa 1.30 × 10⁻⁷. Yaani kwa umbali huu sehemu kubwa ya kani ya vioo kamili ni ya joto. Aliyekopi kanuni ya π²/240 na kuitumia kwenye mikrometa 10 yuko mbali na ukweli mara tatu.

Hatua ya 8: Kutoka mabamba hadi tufe

Karibu hakuna anayepima kwa mabamba mawili, kwa sababu kuyaweka sambamba kwa nanometa ni mateso. Hupimwa tufe mbele ya bamba. Unahitaji nishati kwa eneo, si shinikizo:

E = [kT/(8πd²)] × Σ′ ∫ y [ ln(1 − r²_TE e⁻ʸ) + ln(1 − r²_TM e⁻ʸ) ] dy

Kisha kani ya tufe lenye nusukipenyo R ni F = 2πR·E(d). Kama kifaa chako kinasoma mteremko wa kani badala ya kani, kama vitetemeshi vingi vinavyofanya, ukubwa wa mteremko huo ni 2πR mara shinikizo la mabamba, na E huihitaji tena.

Hakiki mbili. Ya kwanza: kwa vioo kamili, d = nanometa 100 na R = mikrometa 100, F ni −272 pN. Ya pili: kokotoa E kwenye nanometa 99 na 101, toa, gawa kwa nanometa 2, badilisha alama. Lazima ulingane na P ya nanometa 100 kwa tofauti ya asilimia 0.03 hivi. Hakiki hii ya pili hukamata karibu kila kosa la kunakili kati ya kanuni hizo mbili, na inafanya kazi kwa dhahabu pia.

Kanuni ya 2πR ni makadirio. Kosa lake ni la kiwango cha d/R, kwa hiyo kwa mfano huu haifiki asilimia moja. Tufe likiwa dogo, la mikrometa 1 au 2, usiitumie.

Hatua ya 9: Kabla ya kulinganisha na kipimo

Hesabu sahihi bado inaweza kushindwa kulingana na kipimo, na mara nyingi lawama si ya hesabu.

*Volteji iliyobaki.* Dhahabu mbili zilizounganishwa kwa waya mara nyingi bado zina tofauti ndogo ya volteji kati ya nyuso zao. Kani yake kwa tufe na bamba ni πε₀RV²/d, ambapo ε₀ ni pemitiviti ya ombwe. Weka R = mikrometa 100, d = nanometa 100, V = mV 100: unapata pN 278. Linganisha na 272 ya juu. Sehemu moja ya kumi ya volti inatosha kuifunika kani yote ya Casimir. Ikishushwa hadi mV 10 inabaki pN 2.8 tu, kwa sababu V iko kwenye kipeo cha pili. Na hata ukisawazisha kwa volteji ya nje unaondoa wastani pekee. Mabaka madogo ya uso yanabaki.

*Umbali.* Kwa vioo kamili na tufe, kosa la nanometa 1 kwenye nanometa 100 ni asilimia 3 ya kani. Kwa dhahabu ni pungufu kidogo. Kama umbali wako una shaka ya nanometa 2, usibishane na mtu kuhusu Drude na plazma kwenye mwanya huo.

*Vinundu vya uso.* Zidisha kani kwa 1 + 6(σ₁² + σ₂²)/d², ambapo σ ni wastani wa vinundu kwa kila uso. Nyuso mbili za nanometa 4 kwenye mwanya wa 100 zinaongeza asilimia 1.9. Kwa shinikizo la mabamba weka 10 mahali pa 6. Makadirio haya yanafaa tu kama vinundu vimetandaa upana mkubwa kuliko mwanya.

Kwa wanaotaka kuangalia uga wenyewe karibu na ukuta

Wapo wanaojaribu njia nyingine: kukokotoa msongamano wa nishati ya ombwe katika kila nukta, kisha kujumlisha kutoka ukuta hadi ukuta. Inavutia, na karibu kila mara inaishia kwenye namba isiyo na kikomo.

Karibu na kioo kamili, wastani wa E² (hapa E ni uga wa umeme, si nishati) unakua kwa 1/z⁴ kadiri unavyosogelea uso, z ikiwa umbali kutoka usoni, na wa B², yaani wa uga wa sumaku, unakua vilevile kwa alama iliyo kinyume. Mbele ya ukuta mmoja vinafutana katika nishati, lakini kimoja kimoja havifutiki: ndiyo maana atomu, inayohisi E pekee, huvutwa na ukuta kwa nishati ya 1/z⁴. Mlipuko huo pale z = 0 ni matokeo ya kudhani kioo kinaakisi masafa yote hata yawe makubwa namna gani. Dhahabu haiwezi. Ndani ya nanometa 22 hivi kutoka usoni tabia ya kioo kamili imekwisha, na 1/z⁴ haina maana hapo.

Ukihitaji uga wenyewe, kwa mfano kwa ajili ya atomu iliyo karibu na bamba, kokotoa kwenye z fulani na uishie hapo. Ukihitaji kani kati ya mabamba, rudi Hatua ya 2.

Unapoandika matokeo

Kila jedwali au mchoro uwe na haya pembeni: mwanya na shaka yake, halijoto, ωp na γ ulizotumia, kama umetumia jedwali la vipimo au Drude tupu, r_TE uliyoweka kwenye n = 0, na N. Namba ya shinikizo isiyo na r_TE ya n = 0 pembeni yake, mtu mwingine hawezi kuirudia kwenye mikrometa 1 hata awe na programu hiihii.